Kitasa Kilichomtaka Wifi

Msusi alikuwa na ugonjwa wa kupoteza funguo. Aliwahi kuzifua pamoja na taulo, akaziacha kwenye mkoba wa mteja, na safari moja zilionekana kichwani mwa mama aliyekaa chini ya draya, zimenasa kwenye vibanio. Mumewe, aliyechoka kuvunja kufuli, akamwambia aweke kitasa cha kidole. "Kidole hutakisahau popote."

Fundi vitasa alipigiwa simu saluni ikiwa imejaa, draya zinanguruma, maneno yanasikika nusunusu.

"Hapo kuna wifi?"

"Yupo, anakaa mtaa wa pili."

"Nguvu je?"

"Weee! Nguvu anazo, mdomo ndio zaidi."

"Basi kesho nikute wifi, la sivyo kitasa hakifanyi kazi."

Msusi alishangaa ni kitasa gani hiki kinachotaka ndugu wa mume, lakini yeye na mitambo walikuwa mbalimbali. Kesho yake dada mkubwa wa mumewe akaja kajipamba, gauni la kutokea, manukato yamemtangulia mlangoni. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, mimi nilimaanisha mtandao!" Akakiunganisha kitasa kwa mtandao wa simu yake.

Wifi akanuna. Ili kuokoa jahazi, msusi akadai haraka haraka kwamba alitaka kidole cha wifi nacho kisajiliwe, kwa dharura. Uso wa wifi ukachanua.

Tangu hapo, kupumua ikawa shida. Kila asubuhi msusi alimkuta wifi keshafungua, kakalia kiti cha kuzunguka, anapanga upya vitana. Wateja wakija, anawachagulia mitindo. Siku alipomwambia mama mmoja kwamba mtindo alioutaka utamfanya afanane na ufagio, yule mama aliinuka, akaondoka na taulo la saluni kichwani. Uzalendo ukamshinda msusi.

"Wifi, hapa ni kazini, si sebuleni kwako!"

Wifi akabeba mkoba, hakuaga. Msusi akamwambia fundi aje kesho yake, Jumamosi, akifute kile kidole.

Jumamosi ikafika. Bibi harusi alikuwa kibarazani na msafara wa mashangazi. Msusi akaweka kidole. Kitasa kikalia pii, taa nyekundu. Akakifuta kidole kwenye sketi, akakipuliza, akakibembeleza kitasa kwa maneno matamu. Nyekundu. Fundi alipofika, alikishika kidole akakigeuza kwenye mwanga.

"Dawa za nywele zimekula alama zote. Kimekuwa laini kama kijiko. Ule ufunguo wa dharura niliokupa?"

"Nimeuweka pahali salama."

"Wapi?"

Msusi akaonyesha kupitia kioo. Ulikuwa ndani, umening'inia kwenye msumari.

"Naweza kutoboa," fundi alisema, "lakini kitasa kitakufa na mlango utalala wazi. Kidole kinachofungua kimebaki kimoja, nacho ndicho nilichokuja kukifuta." Akageukia ukutani asionekane anacheka.

"Harusi ni leo, si mwakani," shangazi mmoja akakumbusha.

Msusi akampigia wifi simu. Wifi alikuja kwa mwendo wa mgeni rasmi aliyealikwa kukata utepe. Akainua kidole, hakukigusisha.

"Nasikia nimefutwa."

"Bado, wifi. Nisamehe, nilikukaripia mbele za watu."

"Na mimi nilikufukuzia mteja." Sauti ya wifi ilishuka ghafla. "Tangu mabinti zangu waolewe, nyumba iko kimya. Naongea na redio, nayo hainijibu. Hapa kulikuwa na watu."

Miaka yote msusi alimwogopa mwanamke huyu. Hakuwahi kufikiri kwamba naye anaweza kuwa mpweke. Akamshika mkono. Kidole kikagusa, taa ikawa kijani, mashangazi wakapiga makofi.

"Sasa nifute cha nani?" fundi akauliza.

"Changu, hakina faida. Niwekee namba ya siri."

Kazi ilikuwa tele. Wifi akakabidhiwa beseni la kuoshea vichwa, na wa kwanza kulala hapo alikuwa yule shangazi mwenye haraka. Alikandwa kichwa hadi akasinzia, huku wifi akimsimulia jinsi binti yake wa mwisho alivyolia siku ya kuhama. Msusi, vibanio mdomoni, aliendelea kumsuka bibi harusi, akisikiliza kila neno.