Mstari wa Pijo Uliotoka Nje ya Ua

Ijumaa alasiri, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, Javan alilala ubavu juu ya gunia uani kwake, kwenye mwinuko wa Muhuru Bay, akimalizia mstari wa pembeni wa Pijo yake. Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba kama utambi, wa rangi ya damu ya mzee, ukianza kwenye taa ya mbele na kupita milango yote hadi taa ya nyuma. Juu na chini yake alikuwa amebandika tepu, na vioo amevifunika kwa magazeti. Ulimi ulikuwa umemtoka kidogo, maana mwanamume akishika brashi nyembamba ni lazima ulimi nao ufanye kazi.

"Rudisha huo ulimi," mkewe Zilpah alimwambia. Alikuwa akigeuza omena kwenye neti. "Nzi wanadhani nimeanika samaki pande mbili."

Javan hakucheka. Alikuwa amefika kwenye kona ya mlango, na kona haitaki utani.

Pijo 404 hiyo ilikuwa na umri wa kuitwa nyanya. Ilikuwa imebeba samaki, wagonjwa, kwaya ya kanisa na fahali mmoja aliyekuwa na haraka. Ilimbeba pia Mellen, kifungua mimba wao, kwenda na kurudi shule ya bweni kule Asumbi. Baadaye ilikaa juu ya mawe, kuku wakatagia kiti cha nyuma. Sasa Byron, mtoto wao wa pili na wa mwisho, alikuwa anaoa, na Javan aliapa kwamba bibi harusi ataingia boma hilo ndani ya Pijo inayong'aa. Kutu ilikwanguliwa kwa msasa, mashimo yakazibwa, fundi akaja kutoka Migori akapuliza rangi ya krimu. Kazi ndogondogo Javan alijiwekea mwenyewe: mistari ya pembeni na nembo ya simba. Zamani aliyekuwa akimshikia tepu ni Mellen. Alijua kuivuta bila kuikunja.

Mellen alifariki mwaka uliopita, hospitalini Homa Bay, mji aliokuwa akifanyia kazi ya ofisi. Alikuwa mtu mzima na hakuwa ameolewa, kwa hiyo alizikwa nje ya ua, mkono wa kushoto ukitoka langoni, karibu na pale mbuzi hufungwa. Binti asiyeolewa hana kaburi ndani ya boma la babake. Wazee walionyesha mahali, mchungaji akaomba, wachimbaji wakachimba, watu wakala wakaenda.

Aliyeanza ni simba. Javan alipaka ngao ya nembo rangi nyeusi, simba mwenyewe akampaka rangi ya fedha, akaifunga nembo mbele ya gari kwa skrubu. Alipotoka kunywa chai, ngao ilikuwa tupu. Simba, mkubwa kiasi cha kiganja cha mtoto, alikuwa ameketi juu ya kaburi la Mellen akitazama barabara. Zilpah alimshika shingoni kama paka, akamrudisha. Kesho yake baada ya chakula cha mchana, simba akaenda tena. Javan aliongeza skrubu. Simba aliziacha skrubu mahali pake, zimekazwa vizuri, akaenda. Mbuzi walimzoea.

"Mwache," Javan alisema mwishowe. "Siku ya harusi ataingia mwenyewe."

"Yeye ataingia," Zilpah alisema. "Na huyo anayemlinda?"

Javan akakumbuka kwamba hajui alipoiweka thina ya kuyeyushia rangi, akaenda kuitafuta.

Mstari nao ulitoka siku ya Sabato, wenyewe wakiwa kanisani. Rangi haikuwa Msabato. Waliporudi, vitabu vya nyimbo mkononi, walikuta umeshuka kutoka taa ya nyuma, umepita juu ya gurudumu, umekata ua wa nyumba kati ya jiko na neti ya omena, umepenya chini ya miti ya mnyaa iliyozunguka boma, umelizunguka kaburi, umerudi ndani na kuipanda Pijo kwa upande wa pili. Upana ulikuwa ule ule mwanzo hadi mwisho. Kuku alikuwa akiuvuka kwa kuinua miguu.

Javan alipiga magoti na suruali yake ya kanisani, akaangalia kingo.

"Haijachuruzika popote," alisema. Alisema kwa wivu kidogo.

"Wuon Mellen," Zilpah alimwita, yaani Baba Mellen, kama alivyomwita tangu wapate mtoto huyo. "Gari yako imetupimia. Sogeza ua ufike kwenye mstari. Hapo mpaka kaburini hata ng'ombe akilala hana pa kunyoosha mguu."

"Ua si mshipi wa suruali, ulegezwe mtu akishiba."

"Basi mimi nitasogeza."

"Mwanamke hasogezi ua."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Jumapili Javan aliufuta mstari kwa thina na kitambaa. Ulifutika vizuri sana. Alipomaliza kukunja kitambaa ulikuwa umerudi, mkavu. Akaenda kumwita Cephas, kakake mkubwa, ambaye mambo ya boma yote hupitia mdomoni mwake.

Cephas aliutembea mstari wote na fimbo yake. Alimsalimu simba kwa kichwa. Kisha akaketi, akapewa chai.

"Omera, ndugu yangu, mkono wako bado uko," alimwambia Javan. "Lakini msichana hawezi kulala ndani. Atawashika wasichana wa boma hili, nao wabaki bila kuolewa."

"Wasichana gani, jaduong'?" Zilpah alimuuliza mzee huyo. "Mimi nilizaa mmoja."

Cephas aliipuliza chai.

"Watakaokuja. Min Byron, mila haikuanza na mimi."

"Mimi ni Min Mellen. Hilo jina lingine mlinivisha sufuria za matanga hazijaoshwa."

"Chai ni nzuri," Cephas alisema.

Wiki ya harusi ilipokaribia, Byron alikuja kutoka mjini akaona mambo yalivyo. Hakuuliza kuhusu simba. Alichouliza ni hiki: watu wa Liz, mchumba wake, wanakuja kutoka Rangwe, na gari la bibi harusi litapita vipi kando ya kaburi la msichana ambaye hakuolewa?

Cephas alikubali kwamba hilo ni jambo zito. Alifikiri mpaka chai ikapoa, akasema lango lihamishwe.

"Lango linahamishwa?" Zilpah aliuliza. "Mila inaruhusu?"

"Kwa sababu ya gari? Mila haikujua gari. Haiwezi kukataa kitu isichokijua."

Wanaume wa ukoo walikuja na panga na majembe. Walikata ua upande wa pili kabisa wa boma, wakang'oa muhogo wa Zilpah, wakajaza mtaro, wakamwaga trela mbili za udongo wa murram ili Pijo isikwame. Lango la zamani waliliziba kwa kupanda mnyaa. Utomvu wa mnyaa ukiingia machoni huwasha kama pilipili, kwa hiyo wanaume wote walisimama pale, upande wa kaburi, wakifuta machozi, na kwa baadhi yao ilikuwa mara ya kwanza. Zilpah aliwapikia. Walikula wakasema kazi ilikuwa ngumu.

Harusi ilifana. Bibi harusi aliingia kwa lango jipya. Pijo haikuwa na simba wala mstari, maana ilipoondoka mstari ulibaki chini, lakini ilikuwa imefungwa riboni, na wageni walisema gari linang'aa. Zilpah alipiga vigelegele mahali panapotakiwa vigelegele.

Mvua za masika zimepita na mstari bado uko, na simba bado yuko. Ng'ombe wanajua kuruka. Mnyaa wa lango la zamani ulishika, ukafunga. Zilpah akitaka kwenda kwa bintiye, hutoka kwa lango jipya na ungo wake wa omena kichwani, huzunguka boma lote kwa nje, hupita shamba la watu, kisha huketi kando ya kaburi akichambua omena. Javan hubaki ndani akiipangusa Pijo. Chai ikiiva huileta mpaka pale mstari unapopenya chini ya ua, huchuchumaa, na kuingiza mkono katikati ya matawi.

"Sukari imetosha?" huuliza.

"Imetosha," husema Zilpah kutoka ng'ambo.

Nafasi ni ndogo, lakini kikombe hupita.