Kichwa Nirudishie

Hiki ni kipupwe cha pili bila Mwanakheri, na baridi ya mwaka huu inaingia mpaka mifupani. Marehemu mke wangu hakuwa akipika chakula cha melini, cha kuletwa kutoka nje. Miezi kama hii tulikuwa tukila kiazi kikuu cha nazi na samaki wa hapa hapa Kizimkazi. Sasa nakula mchele wa gunia, sijui umetoka wapi. Shamba letu wakubwa waliliwekea vigingi, wakaniletea karatasi nisiyoweza kuisoma, wakaniambia nitie dole gumba. Pale palipokuwa na viazi vyake sasa pana hoteli yenye bwawa la kuogelea, na bahari ile pale!

Nilinusuru kichwa kimoja tu cha kiazi, ile ncha ya juu ambayo ndiyo mbegu. Siku ya kupika unakikata, unakipaka jivu, unangoja mvua za vuli. Nilikipanda nyuma ya jiko, kikazaa kiazi kimoja, kikubwa kama mtoto mchanga. Mbegu ya Mwanakheri ilikuwa imebaki hiyo tu.

Asubuhi moja akaja binti yangu Salhiya, na sare yake ya jikoni hotelini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo umekumbuka kama una baba?"

"Usianze, baba. Wageni wanataka vyakula vya hapa hapa, vya msimu. Nshamwambia mpishi mkuu tuna kiazi cha mama."

Nikacheka mpaka nikakohoa. "Si wana shamba? Nawachimbe chini ya bwawa lao!"

"Baba, leo wanachagua wafanyakazi wa kubaki na wa kuondoka."

Nikakitoa kiazi jikoni. Nikachukua kisu nikate kichwa, akanizuia.

"Usikikate! Wanataka kukipiga picha kizima. Jioni ntakuletea mboga, leo tuna samaki kolekole."

"Mie niletee kichwa tu. Vyengine vyote vileni huko. Umenisikia? Kichwa nirudishie."

"Nakujua, baba. Hata mama alikuwa haachi mtu akiguse kichwa chako."

Nikaona mtoto kaelewa. Mchana kutwa nilichimba shimo nyuma ya jiko, la kukipanda vuli ikija, nikachekecha na jivu.

Magharibi akarudi anacheka, kashika kopo. Nikafunua. Kichwa cha kolekole, kimelala ndani ya mchuzi wa nazi, jicho linanitazama.

"Na cha kiazi?"

"Kwani kiazi kina kichwa?"

Hakuwa akinifanyia mzaha. Alilelewa mjini kwa shangazi yake, kwa sababu skuli yetu haikuwa na walimu. Hilo nalo ni kosa la wakubwa wale wale.

"Maganda mmetupa wapi?"

"Gari la taka limeshapita, tangu alasiri." Akanitazama usoni, cheko likamwisha. "Kwani kuna nini, baba? Wageni wamekisifu. Mie nimebakishwa kazini. Mpishi anauliza, kipupwe kijacho utaweza kutupa viwili?"

Nyuma ya jiko shimo liko wazi, na jivu liko kwenye ungo.

"Mwambie akawaulize walioweka vigingi," nikasema.

"Kula basi, mchuzi unaganda."

Nikala. Kapika kama mama yake.