Kigoda Kisichofunga

Alikuwapo Birthe, binti yake, anamimina kahawa, alikuwapo Palle, mume wa Birthe, alikuwapo Gudrun, mke wa Viggo, bado amevaa koti, na alikuwapo yeye, Holger Brandstrup, na kigoda chake cha kukunja magotini, ila Viggo hayupo, mdogo wake huyo kaidi, amemtuma mkewe na kigoda cha pili kwapani, basi hatimaye amekubali… amekubali kwamba ni yeye aliyechanganya miguu, maana miguu ya kigoda kimoja hupasuliwa kutoka gogo moja, ukikikunja inashikana na kuwa kama fimbo nzima, na siku ile walipovitengeneza karakanani mjini Svendborg mguu wa Holger uliingia kwa Viggo na wa Viggo ukaja huku, tangu hapo kila kigoda kinaacha mwanya, na hakuna aliyetaka kupeleka chake, atakayetangulia ndiye mkosaji, Krismasi ngapi wameombana viazi kupitia kwa wake zao… baba, sikiliza kwanza, anasema Birthe, asikilize nini, bisibisi iko wapi, na huyu Palle, anayemwita kila siku profesa wa vigoda, mbona leo anaitazama keki tu… Gudrun anasema alfajiri alifungua dirisha la chumbani, Februari hii, barafu kwenye vioo, mwanamke gani humfungulia dirisha mgonjwa wa kifua kama Viggo, arudi akalifunge… zamani mama yao naye alilifungua, baba yao amelala kitandani kimya, Viggo mdogo akauliza, kwani tunaipasha moto bustani, mama akasema liache, roho ipate pa kupitia… kigoda cha Viggo kimepungukiwa mguu mmoja, umefungwa pembeni kwa kamba, fundo la Viggo, hilo halifunguki bila meno, "Aliung'oa mwenyewe jana, shemeji," anasema Gudrun, "akaniambia mpe yule mzee mbishi, huu ni wake," wake, ndiyo, lakini nani aliuchanganya, sasa atamwuliza nani, na kama hakuwa Viggo… kahawa bado inatoa mvuke, kigoda bado kiko magotini, mwanya uleule, haligusi fundo, Birthe ameshika bega lake na kusema tena, polepole, kile alichokwisha kukisema mlangoni. Viggo Brandstrup alifariki leo alfajiri.