Gugu Kaburini kwa Babu Idwal

Kwanza niliusikia mngurumo. Ulitoka nyuma ya kanisa, ukapanda, ukashuka, ukakohoa kama mzee mwenye vumbi la makaa kifuani, kisha ukapanda tena. Nikajua. Niliacha chai mezani nikakimbia na ndara miguuni.

Mzee Elfed, mtunza makaburi wetu, alikuwa katikati ya gugu la Kijapani lililovamia makaburi, na mashine ya kufyekea mikononi. Vipande vya yale mashina yenye pingili kama mianzi viliruka huku na huku, vikitua juu ya marehemu wenye heshima zao.

"Zima! Mzee Elfed, zima!"

Akazima. "Nini tena, Polisi wa Magugu?"

Hilo ndilo jina nililopewa kijijini. Nilikuwa nimeshapiga picha na kuripoti kwa halmashauri bustani kumi na moja zenye gugu hili, uwanja wa raga, na ua wa mwenye baa, ambaye tangu siku hiyo hujifanya hanioni nikiagiza bia.

"Kipande kama ukucha kikianguka, kinaota!" nilisema. "Umelipanda uwanja mzima wa kanisa!"

"Jumapili wageni wanakuja kuimba. Ulitaka wapite msituni?"

"Na Bibi yangu je?"

Hapo akaiweka mashine chini. Kila mtu anajua habari ya Bibi Morfydd. Ana miaka themanini na sita, na jina lake limeshachongwa kwenye jiwe la kaburi la mumewe, Babu Idwal, nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Kila Jumamosi huja kuipangusa nafasi hiyo kwa kitambaa, kama mtu anayetunza chumba cha mgeni. Gugu likishika ardhi, hakuna ruhusa ya kuchimba kaburi.

Niliripoti palepale. Lakini hasira zangu hazitulii mpaka zipate vina. Jioni ubeti wangu ulikuwa umebandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa:

*Mzee afyeka gugu, adhani amelikata,*
*Kila kipande ni mbegu, popote kinajivuta,*
*Kesho atalia, ndugu, makaburi yakiota,*
*Mwenye kulileta gugu, ajitokeze kujuta!*

Kijiji kizima kiliusoma. Mwenye baa aliusoma mara mbili.

Alhamisi alikuja Bi Lowri wa halmashauri, mama mfupi mwenye mabuti ya mpira. Hakusema mengi. Alipita kati ya makaburi akiinama, akigusa mashina, nasi tukimfuata kama bata. Mimi nilikuwa mbele, kifua nje. Bibi alikuja na kiti chake mwenyewe.

Bi Lowri akasimama kwenye kaburi la Babu Idwal.

"Limeanzia hapa," alisema. "Shina hili ndilo kongwe, mengine yote ni watoto wake. Kuna mtu alileta udongo wenye mizizi yake kutoka mahali."

"Ni nani huyo?" nilifoka. "Atajwe!"

"Si ni wewe, mwanangu?" alisema Bibi, uso umemng'aa. "Jumapili ya Maua, mwaka juzi. Wenzetu wote walikuja kusafisha makaburi na kuyapamba, na la babu yako limetitia, aibu tupu. Tudur wangu huyu akabeba ndoo mbili za udongo kutoka mtoni, Bi Lowri, peke yake! Nikampikia keki."

Nilitamani lile kaburi linimeze, lakini ndiyo hivyo tena, lilikuwa haliruhusiwi kufunguliwa.

Mzee Elfed akavua kofia. "Hebu tukumbushe, mshairi. Ule mshororo wa mwisho unasemaje?"

"Unaujua."

"Nimeusahau. Uzee."

"Mwenye kulileta gugu," nilisema, nikiangalia ndara zangu, "ajitokeze kujuta."

"Vina vizuri sana," alisema Mzee Elfed.

Bi Lowri alieleza dawa yake: kulidunga sindano ya sumu, shina kwa shina, kila Septemba. Miaka mitano. Hadi hapo, safu hii yote haichimbwi.

Bibi alikiweka kitambaa chake mapajani. "Kwa hiyo nikifa kesho, nalala wapi?"

"Kuna nafasi kando ya mama yangu," alisema Mzee Elfed kwa upole.

"Mama yako? Aliongea miaka hamsini bila kuvuta pumzi! Nikamsikilize mpaka parapanda ilie?"

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini niliiona mikono yake ikikunja kile kitambaa tena na tena, na kiburi changu chote kikaniishia miguuni.

Nilipiga magoti palepale nikaanza kuokota vipande. Baada ya kitambo Mzee Elfed akatandika turubai kando yangu, akapiga magoti naye, magoti yakalia kama kuni mbichi motoni.

"Okota vizuri, Polisi," alisema. "Kimoja hicho, chini ya kisigino chako."

Ubeti sikuuondoa ubaoni. Niliongeza jina langu tu chini yake.

Kabla hatujaondoka, nilisimama mbele ya kiti cha Bibi. "Nitajifunza kulidunga, Bibi. Septemba tano, sitakosa hata moja. Utalala hapa."

Bibi akaligeukia jiwe. Akaipangusa ile nafasi ya tarehe, akaligonga jiwe mara mbili kama anayebisha hodi.

"Umemsikia, Idwal? Miaka mitano. Usinihangaikie, na usimpe mtu nafasi yangu. Mimi sifi kabla ya hapo. Nakuahidi."