Gitaa la Saa ya Vifo

Noah Kipkemoi wa Kimulot alikuwa na wimbo mmoja mtamu na mkwe mtarajiwa mmoja mgumu, na katikati yao ilisimama redio.

Mkwe mwenyewe alikuwa Mzee Kimeli wa Chepseon, mkulima wa mahindi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, baba yake Rodah. Siku Noah alipokwenda kujitambulisha, gitaa mgongoni, mzee alilitazama gitaa kwanza, kisha akamtazama mwenye gitaa.

"Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwanamuziki, mzee."

"Mwanamuziki ni yule tunasikia kwa redio," mzee akasema, wala hakukasirika. "Wengine ni watu wanabeba gitaa. Siku nitakusikia, lete wazee wenu tufanye koito. Saa hii kunywa maziwa yetu ya mursik, uende."

Koito ndiyo siku ukoo wa kijana huenda kuketi na wakwe na kukubaliana. Bila koito Noah angeendelea kumwona Rodah kanisani tu, binti amebanwa kati ya shangazi wawili. Na Rodah hakuwa msichana wa kukosa wachumba. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye pikipiki mpya aliyeanza ghafla kupenda kusali Chepseon, na Noah hakulala vizuri akimfikiria.

Basi akatunga wimbo. Ulikuwa kwa lugha ya Kipsigis, unamhusu Rodah siku alipokuja Kimulot kumsaidia shangazi yake kuchuma majani ya chai, akacheka vibaya mvua ilipowakuta shambani. Hakuna zaidi ya hayo ndani yake. Lakini gitaa lilikuwa linatembea polepole, kama mtu asiyetaka kufika anakokwenda, na kila aliyelisikia alinyamaza kidogo. Noah akaurekodi mjini Kericho, akaupeleka Redio Tebeswet, orofa ya juu ya duka la mbegu na mbolea, kwa mtangazaji aitwaye Nelvine Chepkosgei.

Nelvine aliusikiliza mpaka mwisho, macho amefumba. Alipovua vipokea sauti vya masikioni akasema, "Ni tamu kabisa. Lakini siwezi kuicheza."

"Sasa kama ni tamu?"

"Utamu si shida, Noah. Wewe si wa Kilele."

Kilele ilikuwa kampuni ya muziki ya bwana mmoja mtanashati, Kebaso, na Nelvine alimweleza mambo yalivyo huku akichungulia mlango. Kila Jumatatu nyimbo za wiki zilitoka Kilele zikiwa zimepangwa tayari, huu wa asubuhi, huu wa mchana, huu urudiwe. Msikilizaji akituma salamu na kuomba wimbo mwingine, aliambiwa kwa heshima kwamba haupatikani, kisha akachezewa wa Kilele.

"Na bosi wenu anakubali?" Noah akauliza.

"Opondo atafanya nini? Tukiwa na shoo uwanjani, Kebaso ndiye analeta wasanii, na analeta bure. Bila wasanii hakuna watu. Bila watu, wale wa mbolea wanaotudhamini wanaenda stesheni ingine. Kebaso hajawahi kumlazimisha. Anamsaidia tu mpaka anashindwa kusema hapana."

Na sisi tunaosikiliza, basi, tunajiona tuna masikio ya kuchagua. Wimbo unaingia asubuhi na uji, unarudi mchana na ugali, jioni tunauimba wenyewe na kuapa kwamba tuliupenda tangu mwanzo. Mgeni asiyeondoka mwisho huitwa jamaa.

Noah alikuwa ameshainuka kwenda zake Nelvine alipomwita. "Niachie hiyo wimbo. Kuna mahali Kilele haigusi. Leo saa moja jioni, weka redio."

Furaha humfanya mtu mjinga, na Noah alikuwa na furaha nyingi. Hata mtoto wa chekechea, kutoka Kipkelion hadi Konoin, anajua Redio Tebeswet hutangaza nini saa moja jioni. Yeye hakufikiria. Alimpigia Rodah simu, akamwambia ahakikishe baba yake yuko karibu na redio.

"Saa moja?" Rodah akashangaa. "Hiyo saa hakosangi hata siku moja."

Hata hapo hakushtuka. Akakusanya watu katika hoteli ya Mama Elmina pale Kimulot, akawaagizia chai na mandazi, akamwomba mama aongeze sauti. Saa moja ikafika. Gitaa likaanza, lake kabisa, na moyo wake ukaruka. Kisha juu ya gitaa ikaja sauti ya Nelvine, nzito ya huzuni: "Familia ya marehemu Mzee Arap Maina wa Kapkatet yasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao..."

Hotelini wanaume walivua kofia. Tangazo likafuatwa na tangazo, na kati ya moja na jingine Nelvine aliuachia wimbo ujiimbie wenyewe kidogo, Rodah akicheka kwenye mvua, halafu marehemu mwingine.

"Hiyo gitaa inalia vizuri," mtu mmoja akanong'ona. "Ni ya nani?"

Mama Elmina alimsogelea Noah na birika. "Si ulisema ni wimbo ya mapenzi?" akamuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Asubuhi yake Noah alimpigia Nelvine kulalamika. Nelvine hakuomba msamaha. "Kebaso alikataa wimbo wake wowote ukaribie vifo. Anasema wasanii wake watapata mkosi. Hiyo ndiyo saa pekee alituachia. Na ni saa gani ingine watu wote wananyamaza wakisikiliza? Niambie."

"Lakini niliwaambia wakwe wasikilize."

"Kwani wakwe hawasikilizi vifo?"

Hilo ndilo lililomuumiza. Mzee atasema nini? Kwamba kijana anayemtaka binti yake ni tarumbeta la msiba? Kabla wiki haijaisha, ujumbe ukaingia kutoka kwa Rodah: "Tumepoteza baba mdogo. Tuko na matanga. Nitakupigia." Noah aliketi chini palepale, kati ya michai. Aliona aibu, kisha akaona hofu, na mwalimu wa pikipiki akampitia kichwani akiwa na suti. Kwa kuwa mchumba asiyefanyiwa koito hana pa kuketi kwenye mazishi ya wakwe, alituma pole, akabaki kwao.

Huku nyuma wimbo ulikuwa unatembea bila ruhusa yake. Kina mama waliokuwa wakisubiri lori kwenye kituo cha kupimia majani waliuimba kwa kuguna. Watu walipiga simu Tebeswet wakiomba "ule wa vifo", hata mchana, na kwa mara ya kwanza Opondo hakujua awaambie nini. Familia zikaanza kumtafuta Noah aje apige gitaa makaburini, moja Bomet, nyingine Litein. Alikwenda, akaimba juu ya msichana na mvua, na watu wakamlilia mama yao kwa maneno hayohayo. Hakuelewa, lakini alianza kuimba kwa uangalifu zaidi.

Ndipo Kebaso mwenyewe akaja Kimulot, viatu vinang'aa, akiruka madimbwi.

"Kijana, una kipaji na unazikwa nacho," akasema, akimpa mkataba na kalamu. "Njoo Kilele. Tunakutoa kwa marehemu, tunakuweka saa nane mchana."

"Lini?"

"Saa hii nyota wetu anatoa albamu. Wewe mwakani, Mungu akipenda. Ila mpaka hapo huo wimbo usichezwe popote. Tebeswet nitaongea nao."

Tusimcheke Noah. Aliishika kalamu ile na aliitaka. Saa nane mchana, pamoja na wasanii wa kweli, pasipo jeneza. Mwakani si mbali, alijiambia. Ila simu ikalia, na alikuwa Rodah: "Baba anasema ukuje kesho jioni. Ukuje na gitaa." Noah akairudisha kalamu, akaomba siku moja ya kufikiri, na Kebaso akatabasamu kama mtu ambaye hajawahi kukataliwa.

Kesho yake Mzee Kimeli alikuwa ameketi sebuleni, redio juu ya meza, imefunikwa kitambaa kilichofumwa. Rodah alileta chai, akabaki amesimama mlangoni. Noah hakungoja kuulizwa.

"Mzee, nisamehe kwa hiyo mambo ya vifo. Kuna watu wa Kilele, wanataka kuihamisha. Mwakani itakuwa ya mchana, na wasanii wengine."

"Mchana niko shambani," mzee akasema. "Mchana ni kelele tu. Mtu anaimba 'mpenzi, mpenzi' mpaka ng'ombe zinakataa kutoa maziwa."

Mzee alikipapasa kile kitambaa, akakinyoosha palipokuwa pamenyooka tayari.

"Ndugu yangu mdogo alikufa, unajua," akasema. "Nilinunua jeneza, nilichimbisha kaburi, nilipokea watu. Sikulia. Nikasema labda nimezeeka, machozi imekauka. Jioni nikafungua redio, yule msichana akasoma jina lake juu ya gitaa yako. Akasoma majina yake yote, na ya baba yetu, na ya mama yetu. Nikalia hapa, Rodah aliniona. Nililia vizuri."

Rodah aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka. Noah hakuwahi kujua wimbo wake ulifika wapi wiki ile alipokuwa akiona aibu kati ya michai. Alitamani Kebaso angekuwepo, asikie.

"Sasa mimi sitaki kuimbiwa na mtu wa nje," mzee akaendelea. "Siku yangu itafika, si mbali sana, na sitaki waniletee mmoja wa hao wa mchana. Nataka aimbe mtu wa nyumbani. Mwambie huyo bwana wa Kilele achukue msanii mwingine, wako wengi. Na wazee wenu wakuje Jumamosi ya pili, nitakuwa nimemaliza kuvuna."

"Mzee, kongoi, asante sana..."

"Nyamaza," akasema Mzee Kimeli, akinyoosha mkono kuongeza sauti ya redio. "Vifo vinaanza."