Doto Alivyofikishwa Kwenye Mstari

Siku ya kliniki Generoza alimleta Kulwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na Doto akavutwa kwa kamba ya katani, akielea juu ya kilemba cha mama yake kama kawaida.

Pacha hao walizaliwa Bukombe mwaka wa 1976. Kulwa aliyetangulia alikuwa na kilo nne na nusu. Doto hakufika mbili. Watu wakasema mzito kabarikiwa. Kila mwezi zahanati ya kijiji ilimtuza mtoto aliyewazidi wenzake uzito kopo la maziwa ya unga, na kila mwezi kopo likawa la Kulwa.

Generoza alishika mila ya mapacha: ukimpa huyu, mpe na mwenziwe. Aligawa maziwa vikombe viwili, akapiga ishara ya msalaba, akawanywesha. Lakini alichokunywa Doto kilimnenepesha Kulwa. Alipotimiza miaka miwili Kulwa alikuwa akipimwa kwa mizani ya pamba, na majirani walimwazima kushindilia sakafu za nyumba mpya. Doto alianza kupaa Jumatano ya Majivu.

"Mama Kulwa, dume lako limeshinda tena," alisema nesi Zuwena. "Kopo hili hapa."

"Ahsante, nesi. Naomba na la Doto. Huyu mwanangu ananiondoka."

Nesi akamtundika Doto kwenye mizani ya kuning'inia. Kisuruali cha kupimia kikapinduka, mtoto akasimama juu ya mizani.

"Maziwa mengine ni ya walio chini ya mstari wa kadi," alisema nesi. "Huyu yuko juu ya mizani yenyewe. Nimwandike wapi?"

"Mwandike popote, mradi anywe."

"Mfunge jiwe, shoga," alisema Mageni kutoka kwenye foleni. "Mbona pamba tunaitia mchanga na ushirika unapokea?"

Foleni ikacheka. Nesi hakucheka; aliona ni shauri jema. Akaokota jiwe mlangoni, wakamfunga Doto kiunoni. Mshale ukashuka, ukatulia kwenye kilo kumi na mbili.

"Umeona? Mtoto mzima," alisema nesi, akaandika: afya njema. "Hahitaji kitu."

Generoza akamshukuru Mungu, maana ndivyo alivyolelewa. Akampakata Doto, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima, akaanza kuondoka.

"Jiwe, Mama Kulwa," nesi akamwita. "Hilo ni la kuzuilia mlango. Mwezi ujao uje na la kwako."