Mashine ya Mateus kwa Pakacha la Makopa

Luisa alikuwa fundi cherehani wa Ziwani. Mashine yake ya kushonea aliachiwa na marehemu mumewe, Mateus, aliyeivusha Ruvuma kwa mtumbwi walipoikimbia vita ya Msumbiji. Ndiyo iliyowalisha wote: yeye, binti yake Joana, na mama mkwe wake, bibi Sabina.

Mwaka wa sabini na nne mvua ilikatika, mihogo ikadumaa, na makopa, ile mihogo mikavu ya akiba, yakaadimika. Njaa ilibisha hodi kwenye kibaraza alichoshonea Luisa kabla haijafika jikoni. Watu walivaa matambara, lakini chochote walichopata kilikwenda kwenye chakula. Hakuna aliyeleta kitambaa.

"Mama, tuiuze mashine mapema," Luisa alimwambia mkwewe. "Ismaili wa dukani anatoa magunia matatu ya makopa."

"Ile mashine ni mkono wa mwanangu," alisema Sabina. "Ukishauza mkono, mvua ikirudi utafanya kazi na nini?"

Maneno yale yalikuwa ya kweli. Wakangoja. Walichimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini mpaka nayo ikawa haba. Sabina akawa anasema ameshiba kabla hajatia tonge mdomoni, sahani akimsogezea Joana.

Ndipo Luisa alipojitwika mashine akaenda kwa Ismaili. Barazani alikuta baiskeli, redio, vitanda, hata milango iliyong'olewa kwenye nyumba za watu. Cherehani mbili zilikuwa zimeshatangulia.

"Nitakupa pakacha moja," Ismaili alisema.

"Si ulisema magunia matatu?"

"Wakati ule ulikuwa peke yako. Geuka uwaone walio nyuma yako, mama Joana. Kila mtu anauza, na wote wanataka kitu kimoja. Vitu vimenijaa, makopa yanakwisha. Nikitoa haya, sijui mengine nitayapata wapi."

Luisa aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye mlango kichwani, akisubiri zamu yake. Alitamani kumtukana Ismaili, akakosa tusi lililomfaa. Akachukua pakacha.

Sabina alikufa kabla makopa hayajaisha. Alizikwa kwa kanga ya kuazima.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri. Mihogo ikajaa kila shamba, harusi zikarudi, na watu waliochoka matambara wakaanza kununua vitambaa. Mwanahawa, jirani yake, alikuja na kitambaa cha binti yake aliyekuwa akiolewa.

"Nenda kwa Ismaili," Luisa alimwambia. "Amemweka fundi barazani."

Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda huko juma lililotangulia, akiwa na makopa ya kuikomboa mashine yake. Ismaili alimpokea kwa heshima.

"Makopa nani anayataka sasa, dada yangu? Kila nyumba inayo. Mashine ndizo zinazotafutwa."

"Hata nikileta magunia matatu?"

"Hata ukileta kumi."

Joana, ambaye sasa alikuwa mkubwa wa kutosha kuuliza, alitaka kujua inakuwaje mashine ileile jana ibadilishwe kwa pakacha, leo isinunulike kwa gari zima la makopa. Luisa alimweleza taratibu, bila kuficha kitu: wauzaji walivyokuwa wengi na chakula kidogo, na sasa mambo yalivyogeuka. Mtoto akaelewa.

"Sasa tutafanyaje, mama?"

Luisa akachukua jembe. Akaenda kupalilia shamba la watu kwa ujira.